Ulipie VRAM ya ziada au uache? Mwongozo kamili kwa anayenunua laptopu Kampala

Malalamiko ni yaleyale kila wiki. Mtu amepanda basi kutoka Arua au Mbale, ameingia Kampala na pesa yake, ameonyeshwa laptopu na kuambiwa "hii ina grafiki GB 8", akaongeza pesa. Akifika nyumbani gemu linakwamakwama na Lumion, programu ya picha za majengo, haifunguki. Mwingine kauziwa kadi nzuri kabisa, lakini kazi yake ni Excel na kadi za harusi, basi pesa yake imelala ndani ya mashine bila faida.

Wote wawili waliuliza mashine ina GB ngapi kabla ya kujua kazi yao inakula ngapi. Mwongozo huu unaanzia upande wa pili. Hatua tatu za kwanza unazifanya ukiwa nyumbani, na wengi watagundua hapohapo kwamba hawana haja ya kulipia chochote cha ziada.

Niseme msimamo wangu mapema. Kama laptopu unayoiangalia ina RAM chini ya GB 16 au bado inatumia diski ya kuzunguka badala ya SSD, usilipie VRAM, yaani kumbukumbu ya kadi ya grafiki. Tengeneza hayo kwanza. Lakini kama unacheza magemu mapya, unachora majengo ya 3D, unahariri video za 4K au unajifunza akili bandia, kutoka GB 4 kwenda 6 au 8 ni pesa iliyokwenda mahali pake. RAM, kwa laptopu nyingi, utaongeza mwakani kwa fundi. VRAM imechomelewa kwenye bodi, na karibu laptopu zote haziruhusu kuibadilisha.

## Vitu vya kuandaa

- Laptopu unayotumia sasa, au ya kuazima, yenye Windows 10 au 11.
- Kazi yako halisi iliyo nzito kuliko zote: mradi wa video, jengo, gemu. Uiweke kwenye flashi ya kwenda nayo dukani.
- Programu mbili za bure kwenye flashi hiyohiyo: GPU-Z, inayosoma kadi ya grafiki, na FurMark, inayoipa mzigo. Zipakue nyumbani, usitegemee intaneti ya dukani.
- Kalamu, karatasi na simu yenye kamera.
- Saa moja ya kukaa dukani bila haraka. Usiende jioni wakati akedi (jengo la maduka) inafungwa.

Kabla ya kuendelea, elewa VRAM inafanya nini. Chipu ya grafiki ni fundi cherehani, VRAM ni meza yake. Meza pana haimfanyi ashone haraka zaidi. Ila meza ikiwa ndogo kuliko nguo, kila dakika atainuka kwenda stoo, na hapo ndipo picha inakatika. Stoo hiyo ni RAM ya kawaida, ambayo kwa chipu ya grafiki iko mbali na ni ya polepole.

## Hatua ya 1: Pima kazi yako kwenye mashine uliyonayo

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itafunguka. Nenda "Performance", kisha shuka hadi "GPU 0" au "GPU 1" (GPU ndiyo chipu ya grafiki). Laptopu yenye grafiki mbili itaonyesha zote mbili. Kwa kawaida ile yenye jina la Nvidia, au Radeon yenye namba, ndiyo kadi inayojitegemea.

Chini kuna mistari miwili inayochanganya watu. "Dedicated GPU memory" ni kumbukumbu ya kadi yenyewe. "Shared GPU memory" ni ya kukopa kutoka kwenye RAM, na Windows huruhusu kadi kukopa hadi nusu ya RAM yote. Mstari mwingine, "GPU memory", hujumlisha hizo mbili. Huo upuuze kabisa. Ndio unaozaa "GB 8" za dukani.

Sasa fungua kazi yako nzito na uifanye kwa nusu saa kama siku zote, Task Manager ikiwa wazi pembeni. Andika namba ya juu kabisa ya "Dedicated", ya "Shared", asilimia ya matumizi ya GPU, na pia hali ya RAM na diski. Halafu soma hivi:

Dedicated haijajaa, GPU iko chini, RAM imepita asilimia 90 na diski imegota 100. Shida yako ni RAM au diski. Safari ya kadi ya grafiki imeishia hapa.

Dedicated haijajaa, lakini GPU imegota asilimia 99. Chipu ni dhaifu. Kuongeza VRAM kwenye chipu ileile hakutakupa kitu. Unahitaji chipu yenye nguvu zaidi.

Dedicated imejaa, Shared inapanda, na picha inaruka au inaganda kidogo kila ukigeuka. Hiyo ndiyo njaa ya VRAM.

Tahadhari moja. Programu nyingi huchukua VRAM yote iliyopo hata kama hazihitaji, kwa hiyo kujaa peke yake si ushahidi. Ushahidi unaupata hivi: punguza ubora wa "Textures" (picha zinazofunika vitu kama ngozi) ngazi moja bila kugusa kitu kingine. Kukwama kukiisha, VRAM ndiyo ilikuwa ndogo. Kama hali haibadiliki mpaka upunguze ukubwa wa picha au vivuli, chipu ndiyo iliyochoka. Wenye GTA V wana bahati, kwa sababu gemu lenyewe linaonyesha kwenye mipangilio ya grafiki kiasi cha VRAM ambacho kila chaguo kinakula.

Na kama mashine yako ya sasa haina kadi kabisa, ni Intel tupu? Angalia "Shared". Namba hiyo inakuonyesha kazi yako inataka kiasi gani. Ikibaki chini ya GB 2 siku nzima, VRAM si jambo la kukunyima usingizi. Ikiwa Task Manager yako ni ya zamani na haina sehemu ya GPU, tumia GPU-Z, ukurasa wa "Sensors", utapata namba hizohizo.

Usidanganyike na hoja ya ukubwa wa skrini. Picha moja ya skrini ya 1920 kwa 1080 inachukua takriban MB 8 tu, na ya 4K kama MB 33. Kinachojaza VRAM ni ngozi za vitu ndani ya gemu au jengo. Picha moja ya ukuta ya pikseli 4096 kwa 4096, bila kubanwa, ni MB 64. Weka matofali, vigae, nyasi, mbao na pazia, kila kimoja na picha zake tatu au nne, uone GB 4 zinavyoyeyuka.

Umefaulu hatua hii ukiwa na karatasi yenye namba tano na sentensi moja: "Kinachonikwamisha ni ..."

## Hatua ya 2: Jua kazi yako iko fungu gani

Namba zako zikionyesha njaa ya VRAM, au kama huna mashine ya kupimia, tumia mafungu haya.

Ofisi, masomo, uhasibu, intaneti. Sifuri. Grafiki ya ndani ya Intel au AMD inatosha na kubaki.

Wabunifu wa machapisho. Vijana wa Nasser Road wanaofanya kalenda, mabango na vitabu vya risiti kwa CorelDRAW, Illustrator na Photoshop wanauziwa kadi za grafiki kila siku, na mara nyingi si hitaji lao. Photoshop yenye bango la mita tatu inakula RAM na nafasi ya SSD. Ongeza RAM hadi GB 16, au 32 kama bango ni kazi ya kila siku. GB 2 za VRAM zinawatosha, na wengine hata hizo hawazihitaji.

Muziki, ma-DJ, na ma-VJ wanaotafsiri filamu. Kurekodi sauti juu ya filamu iliyokwisha tengenezwa ni kazi ya prosesa na diski. VRAM haina nafasi hapa.

Video za harusi na kwanjula (sherehe ya utambulisho). Hapa ndipo ubishi ulipo. Ukihariri 1080p kwa Premiere au DaVinci Resolve, GB 4 zinakwenda vizuri. Kamera ikirekodi 4K, ukaweka tabaka kadhaa, ukarekebisha rangi, ukaongeza maandishi yanayoruka, Resolve itakutolea ujumbe kwamba kumbukumbu ya GPU imejaa. Resolve inaegemea kadi ya grafiki kuliko Premiere. Kwa 4K ya kila wiki tafuta GB 6, na 8 ukiweza. Kwa 4K ya mara moja moja, soma hatua ya 3 kabla ya kulipa.

Wasanifu majengo. Kuchora ramani ya 2D kwa AutoCAD hakuhitaji VRAM ya maana. ArchiCAD na Revit zinaridhika na GB 4 kwa nyumba ya kawaida. Anayetaka Lumion, Twinmotion au Enscape, yaani picha nzuri za kumwonyesha mteja, aanzie GB 6 na alenge 8. Mwanafunzi wa Makerere au Kyambogo atakayetumia laptopu moja mpaka mwaka wa mwisho asinunue GB 4 leo, kwa sababu miradi ya mwaka wa mwisho si ya mwaka wa kwanza.

Blender. Mandhari isipoenea kwenye VRAM, kutengeneza picha ya mwisho kunakuwa polepole sana au kunakatika katikati ya usiku. GB 8 ni nafuu kubwa.

Magemu. Magemu ya mpira na yale ya miaka ya nyuma yanachezeka kwa GB 4. Magemu makubwa mapya kwa 1080p, GB 6 ni mwanzo na 8 ni starehe. Usilipie zaidi ya 8 kwa skrini ya 1080p.

Akili bandia nyumbani. Hapa hesabu iko wazi. Modeli ya lugha yenye vigezo bilioni 7 ikihifadhiwa kwa biti 16 inataka GB 14. Ikibanwa hadi biti 4 inashuka hadi kama GB 4, bila kuhesabu nafasi ya mazungumzo yenyewe. Kwa hiyo GB 6 inabana, GB 8 inapumua, na GB 4 haikufikishi. Hili ndilo fungu pekee ambalo ningemwambia mtu achague VRAM nyingi hata kwa chipu ya polepole kidogo.

## Hatua ya 3: Jaribu njia za bure kwanza

Kwenye Resolve, tengeneza nakala nyepesi za video zako kwa "Generate Proxy Media", uhariri kwa hizo, na programu itarudi kwenye video halisi wakati wa kutoa kazi. Weka mradi kuwa 1080p wakati unahariri, urudishe 4K mwishoni. Wapiga video wengi niwajuao wangekaa na GB 4 zao mwaka mwingine kama wangejua hili.

Kwenye Blender na Lumion, punguza picha za vitu vilivyo mbali kutoka 4096 hadi 2048. Kila picha inashuka kutoka MB 64 hadi 16, yaani robo, na jicho halioni tofauti kwenye mti ulio nyuma ya nyumba.

Funga kivinjari. Tabo nyingi za Chrome zinakula VRAM pia.

Kisha hakikisha programu yako inatumia kadi, si Intel. Kosa hili ni la kawaida mno: mtu ana kadi ya GTX 1650, lakini Windows inaendesha Blender kwa grafiki ya ndani. Ingia "Settings", "System", "Display", "Graphics", chagua programu, weka "High performance". Ukirudi Task Manager na kuona kadi, kwa kawaida "GPU 1", ikifanya kazi, umefaulu. Kama kukwama kumeisha, weka pesa yako mfukoni.

## Hatua ya 4: Jifunze kusoma jina la kadi

GB peke yake haitoshi. Mambo manne yanakwenda pamoja: jina kamili la chipu, aina ya kumbukumbu, upana wa njia ya kumbukumbu kwa biti, na wati.

Mfano bora ni GeForce 940MX, ambayo bado imejaa kwenye laptopu za mitumba. Ilitoka na DDR3 au GDDR5, kwa GB 2 au GB 4, zote zikiwa na njia ya biti 64. Ya DDR3 inasafirisha karibu GB 16 kwa sekunde. Ya GDDR5 inasafirisha karibu 40. Kwa hiyo 940MX ya GB 4 za DDR3 inaachwa mbali na ndugu yake wa GB 2 za GDDR5, lakini dukani inauzwa ghali zaidi kwa sababu ya ile namba 4. Usiongeze hata shilingi elfu kumi kwa hiyo.

Kadi chache zilitoka na ukubwa zaidi ya mmoja chini ya jina moja, na hapo ndipo swali la VRAM ya ziada linakuja likiwa tupu. MX150 ya GB 2 au 4: chukua ya bei ndogo, chipu yenyewe ni dhaifu. GTX 1050 ya GB 2 au 4: hapa lipia 4, chipu inaweza kuzitumia. RTX 3050 ya laptopu ya GB 4 au 6: chukua 6. Njia yake ni nyembamba zaidi, biti 96 dhidi ya 128, na muuzaji mjuzi anaweza kukutisha kwa hilo. Usitishike, ina viini vingi zaidi vya kufanya hesabu, na kazi inayomwagika kutoka kwenye GB 4 itakusumbua kuliko njia nyembamba.

Kwingineko VRAM inakuja na chipu yake. RTX 4050 ya laptopu ina GB 6, 4060 ina GB 8, na 4070 ya laptopu ina GB 8 hizohizo. Kama njaa yako ni ya VRAM, kutoka 4050 kwenda 4060 kuna maana, na kutoka 4060 kwenda 4070 hakuongezi hata GB moja.

Jihadhari na majina yanayofanana na ya kompyuta za mezani. RTX 3060 ya mezani kwa kawaida ina GB 12. Ya laptopu ina 6. RTX 4070 ya mezani ina 12. Ya laptopu 8. Muuzaji akikuonyesha ukurasa wa intaneti, hakikisha umeandikwa laptopu.

Kwa wenye bajeti ndogo, mitumba ya ofisini kutoka Ulaya ni chaguo zuri: Dell Precision 5520 yenye Quadro M1200 ya GB 4, Lenovo ThinkPad P50, HP ZBook 15. Ni imara na zinakubali RAM nyingi. Ila Nvidia ilitangaza mwaka 2025 kwamba vizazi vya Maxwell na Pascal, ambamo zimo M1200, P1000, 940MX, MX150 na GTX 1050, havitapata draiva mpya za kawaida baada ya Oktoba 2025, bali marekebisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. Zitaendelea kufanya kazi. Lakini ukiwa na uwezo wa kupanda hadi Quadro T1000 au GTX 1650, panda, hata kama VRAM ni GB 4 zilezile.

Kuhusu MacBook za M1 na kuendelea: RAM na VRAM ni kitu kimoja, na haiongezwi. Chukua GB 16 siku ya kununua au usahau.

## Hatua ya 5: Dukani, tenganisha yake na ya kukopa

Salimia, kaa, omba mashine iwashwe ikiwa imechomekwa kwenye umeme. Kibandiko kilichobandikwa mbele kisikushughulishe, hubandikwa na yeyote.

Kwanza Task Manager, kama nyumbani. Muuzaji atapenda kukufungulia "dxdiag" badala yake, kwa sababu mstari wa "Approx. Total Memory" unapendeza. Kwenye laptopu ya Intel UHD 620 yenye RAM GB 16, mstari huo unasoma karibu GB 8. Shuka chini yake: "Display Memory" ni MB 128. Hizo ndizo "grafiki GB 8" walizouziwa watu wa Arua na Mbale. Huenda muuzaji mwenyewe hajui. Wengi wao wanarudia walichoambiwa na aliyewauzia.

Pili, kuna mtego unaopita hata kwa wajuzi. Laptopu za AMD Ryzen zisizo na kadi huruhusu, ndani ya BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine), RAM ikatwe na kupewa grafiki. Ikikatwa GB 2, Task Manager itaonyesha "Dedicated" GB 2 bila haya. Angalia jina: likiwa "AMD Radeon Graphics" bila namba ya modeli, hakuna kadi hapo. Kisha fungua "Memory" uone "Hardware reserved". Ukikuta GB 2 zimetengwa huko, umejua zilikotoka.

Tatu, fungua GPU-Z kutoka kwenye flashi. Haihitaji kusakinishwa. Chini kabisa chagua kadi, kisha soma "Memory Type", "Memory Size" na "Bus Width". Ukiona DDR4 badala ya GDDR5 au GDDR6, uko kwenye grafiki ya ndani, au umekutana na kadi dhaifu sana. Kwa Nvidia, unaweza pia kufungua dirisha jeusi la amri na kuandika nvidia-smi. Litaonyesha jina, VRAM, joto na, kwa kadi nyingi, wati.

Nne, ingia "Device Manager", "Display adapters". Kadi ikiwa na alama ya njano, bofya mara mbili. "Code 43" maana yake Windows imeisimamisha kadi kwa sababu imeripoti hitilafu. Kwenye mtumba, hiyo mara nyingi ni kadi inayokufa. Alama ya mshale wa chini inamaanisha imezimwa; omba iwashwe mbele yako, na kama skrini itaanza kutoa mistari, shukuru na uondoke.

Piga picha ya kila ukurasa. Umefaulu ukiwa na jina, aina, GB na biti zinazolingana na ulichoandika nyumbani.

## Hatua ya 6: Ipe mzigo

Mwambie muuzaji unachotaka kufanya kabla ya kuanza. Ni haki yake kujua. Weka laptopu juu ya meza, si kitambaa, chaja ikiwa ndani. Washa FurMark kwa dakika 15 na GPU-Z ikiwa wazi kwenye "Sensors". Kama muuzaji anaiogopa FurMark, fungua mradi wako mwenyewe na uuzungushe kwa muda uleule. Kusema kweli napendelea mradi, maana ndio utakaokaa nao.

Joto la nyuzi 70 hadi 85 ni la kawaida kwa kadi iliyobeba mzigo. Likigusa 90 na kasi ya "GPU Clock" ikashuka ghafla, ndani kuna vumbi au jeli ya kupoza imekauka. Hilo fundi analitengeneza kwa bei ndogo, kwa hiyo litumie kupunguza bei. Vitone vya rangi, miraba au mistari kwenye picha ni jambo jingine kabisa: mara nyingi ni VRAM yenyewe inayoharibika, na haina dawa ya bei nafuu. Hapo usipunguziwe bei, ondoka.

## Hatua ya 7: Hesabu ya umeme

Watu hulipia kadi na kusahau inavyokula. Laptopu ya Intel tupu ina chaja ya wati 45 hadi 65. Yenye GTX 1650 huja na chaja ya wati 120 hadi 150. Yenye RTX 4060 hufika 200 na kupita.

Chukulia una betri ya sola ya volti 12, Ah 100. Hiyo ni Wh 1,200, na kwa betri ya maji au jeli usitumie zaidi ya nusu, yaani 600. Mashine ya wati 45 itakaa zaidi ya saa kumi. Mashine inayovuta wati 150 itakaa kama saa tatu ukitoa kinachopotea kwenye inveta. Inveta ndogo ya wati 150 haitaiwasha kadi kubwa kwa nguvu zake zote.

Betri ya laptopu yenyewe usiihesabu. Ukichomoa chaja, kadi hushushwa nguvu ili betri isiishe, na zile GB ulizolipia zinabaki zimekaa tu. Anayefanya kazi mahali ambapo umeme hukatika mchana apime hili kabla ya bei.

Tena, kataa chaja ya kubahatisha. RTX iliyofungiwa chaja ya wati 90 itawaka, lakini itatembea kama kadi ya miaka iliyopita.

## Hatua ya 8: Weka bei mbili mezani

Muulize muuzaji bei ya mashine mbili: moja yenye VRAM uliyoipima, nyingine yenye ngazi moja juu. Andika tofauti. Kisha uliza bei ya kuongeza RAM hadi GB 16 na SSD kubwa kwenye ile ya kwanza.

Kama karatasi yako ya hatua ya 1 ilisema "RAM" au "diski", jibu ni ile bei ya RAM na SSD. Kama ilisema "chipu", linganisha majina ya chipu na usahau GB. Kama ilisema "VRAM", na kazi hiyo ndiyo inayokulipa, lipa tofauti bila kusita, hata ikibidi kuchukua mashine yenye mikwaruzo. Ikiwa ni ya burudani tu, uamuzi ni wako na mfuko wako. Gemu litachezeka kwa "Textures" za kati.

Kwenye risiti isiandikwe "laptop 1" peke yake. Andikisha namba ya utambulisho ya mashine ("serial number"), jina kamili la kadi, "VRAM GB 6" au vyovyote ilivyo, wati za chaja, na siku za dhamana. Muuzaji akikataa kuandika kiasi cha VRAM ambacho amekitaja kwa mdomo, umeshapata jibu lako.

Ukifika nyumbani, fungua mradi uleule wa hatua ya 1 usiku huohuo na ulinganishe na picha ulizopiga. Namba zisipolingana, rudi kesho yake na risiti, picha, na Windows ileile uliyoikuta. Ukishaipangusa na kuweka yako, muuzaji atasema wewe ndiye uliyeiharibu.